Fremu ya Buluu Iliyolia Ngiii

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu wanangu, wanyama walikuwa na nyumba, masufuria na baiskeli kama sisi. Digidigi, mdogo wa umbo, alikuwa mkunga wao. Asubuhi moja akaletewa habari: Bi Twiga ameshikwa na uchungu, kule juu ya kilima!

"Mama yangu!" Digidigi akaruka. "Mtoto wa twiga huanguka kutoka juu, pu! Lazima nimtandikie majani kabla hajafika chini."

Kwa miguu angechelewa. Akakimbia, tiki tiki tiki, hadi kwa Fundi Kakakuona, muunda baiskeli za chuma.

Zilikuwa zimebaki mbili tu, zimeshafungwa magurudumu. Moja ilikuwa na fremu nyeusi, nene. Nyingine ilikuwa na fremu ya buluu, nyembamba, nyepesi mno.

"Zote chuma safi," alisema Fundi. "Nyeusi ni ya mizigo. Ya buluu ni ya kupandia vilima."

"Nipe ya buluu, fundi, haraka!"

"Ya buluu ni yangu!" ilinguruma sauti nyuma yake.

Kiboko huyo, tumbo mbele! Na desturi ya pale, mkubwa wa umbo huchagua kwanza.

"Utakwenda nayo wapi, kaka?" aliuliza Digidigi.

"Kuzunguka bwawa. Mara tatu! Wote wanione."

"Itapinda, bwana," Fundi alisema kwa upole.

"Ipindwe na nani? Mimi ni mwepesi kama unyoya!"

Digidigi alitaka kulia. Lakini alipogeuka, alikuwa amemwona Kiboko pale mlangoni akiinua mguu juu, juu kabisa, asimkanyage sisimizi. Huyu ana moyo laini, akawaza. Akachukua kijiko, akaigonga fremu ya buluu.

Ngiiiii!

"Hee! Inalia!" Kiboko akashtuka.

"Ndiyo, inalia. Bado kichanga hiki. Kimezaliwa jana."

Ngiiiii!

"Usimpige, maskini!" Kiboko akaikumbatia. "Nyamaza, nyamaza baba. Anataka nini, mama mkunga?"

"Kaka, wewe una watoto. Kichanga hutolewa nje lini?"

"Akitimiza arobaini."

"Basi! Siku arobaini ndani ya nyumba. Umwogeshe maji ya uvuguvugu, umwimbie, umbebe mgongoni. Ndipo umpande."

"Arobaini? Na bwawa langu je?"

Digidigi akaigonga ile nyeusi. Du.

"Umesikia? Huyu hana neno. Mtu mzima, ana wajukuu."

Fundi Kakakuona alijiviringisha kama mpira ili kicheko kisimtoke.

"Nipeni huyo mzee!" Kiboko akapanda, kwiii kwiii, akaenda zake.

Digidigi akarukia ile ya buluu. Fyuuu! Kilima kikaja, akakanyaga. Kikazidi kupanda, akakanyaga. Baiskeli ikapaa kama kipepeo!

Alipofika, miguu ya mtoto ilikuwa imeshachungulia.

"Subiri, Bi Twiga, subiri dada yangu!"

"Nisubiri vipi? Anakuja!"

Digidigi akakumba majani, akatandika, akaongeza, akaongeza tena. Pu! Mtoto akatua katikati ya majani, mzima, masikio yakipepea.

Wakati huo Kiboko, kutoka bwawani, alikuwa ameiona buluu ikipanda kilima. Akaja mbio, akiisukuma ile nyeusi, huku akihema hoo! hoo!

"Mkunga wewe! Kichanga umekitoa nje siku ya pili?"

"Nisamehe, kaka. Nimekudanganya. Chuma hakizaliwi. Nilikuwa namwahi huyu."

Kiboko akafunua kinywa, kipana kama mlango, apige kelele. Mtoto wa twiga, ambaye hata kusimama hajajua, akanyoosha shingo akamlamba pua. Lambe!

Kinywa kikabaki wazi.

"Jamani," Kiboko akanong'ona, "anaitwa nani?"

Basi wanangu, kabla hujachagua chombo, jiulize unakwenda nacho wapi na nani anakungoja huko.