Daraja la Waziri Jabu

Hapo zamani, wakati ambapo masultani walikuwa wengi na wenye kuwashauri vizuri wachache, palikuwa na mji ukiitwa Shungi, na sultani wake akiitwa Zahran. Huyu alikuwa na waziri wake, Jabu, mtu wa tumbo kubwa na maneno matamu. Siku moja Waziri akanong'ona, "Maulana, chakula chako kinaingia kwa kila mlango wa nyuma, kila bibi na kikapu chake. Aibu iliyoje! Amuru kitoke kwenye ghala langu la ng'ambo ya mto, kipite darajani kwangu." Sultani akapendezwa, akapiga mbiu ya kwamba hakitaliwa kasrini kitu ambacho hakikuvuka mbao za daraja la Waziri, na atakayekaidi atakatwa shingo.

Basi fukara mmoja, Mwinyikombo, akacheka barazani mbele za watu. "Haya, sasa tuubembeleze mto usije ukanuna." Maneno yakamfikia Waziri, naye akayaweka moyoni.

Ikawa siku ya harusi ya binti Sultani, wakwe wamekwisha kukaa mkekani, mto ukafurika, ukalizoa daraja zima. Mchele, samli na mbuzi vikabaki ng'ambo. Wageni wakaletewa maji ya kunywa, kisha wakaletewa maji tena.

Waziri akamchongea Mwinyikombo kwa maneno yale ya barazani, na Sultani akamwita. "Wewe ndiwe uliyeutia mto mdomo. Basi kabla ya adhuhuri nilishie wageni wangu! Na mbiu yangu haitanguki. Ukishindwa, au ukiikiuka, shingo yako ni halali yangu."

Mwinyikombo hakuwa shujaa, tusidanganyane. Alirudi nyumbani, akamweleza mkewe, Mize, huku machozi yakimlengalenga.

"Shingo yenyewe nyembamba, hawatasumbuka," akasema Mize. "Lakini mimi nimeizoea. Ondoka hapo, ukatazame hilo daraja limekwenda wapi!"

Akaenda. Akazikuta mbao zimekwama kwenye matete, chini kidogo ya mji, kila moja ina chapa ya Waziri, kwani bwana yule alilipenda jina lake kupita kiasi. Mwinyikombo akazitazama, akaacha kulia. Akawaita majirani, wakazibeba, wakatandika ubao mmoja mmoja juu ya mtaro uliopita mbele ya kila jiko la mji.

Naye Mize akapita akibisha hodi. Huko Shungi, nyumba yenye harusi haikuachwa ipike peke yake, kila jirani alipeleka chungu chake, na ni kasri tu lililoikataa desturi ile kwa kiburi, tangu ilipopigwa mbiu. Kwa hiyo wanawake hawakuhitaji kufundishwa. Huyu akapika wali wa nazi, yule mchuzi wa papa, mwingine akakaanga maandazi, na kila mmoja akavuka ubao wake, akashika njia ya kasrini.

Wageni wakanawa, wakala. Waziri akapiga kelele, "Maulana, mbiu imevunjwa! Daraja limekwenda na maji!"

"Maulana," akasema Mwinyikombo, akijishika shingo, "hakuna chungu hapa ambacho hakikuvuka mbao za daraja la Waziri. Chapa yake imo. Mbiu haikusema mbao zilale mtoni, wala haikusema zilale pamoja."

Sultani alikuwa amekwisha kumega tonge, akasita. Mara nje pakasikika kishindo na mayowe: ubao mmoja uliooza umekatika, na bibi mmoja ameketi mtaroni na bakuli lake la kachumbari kichwani.

"Umeona!" Waziri akaruka kwa furaha. "Daraja limevunjika tena!"

Sultani akautazama wali, akautazama mchuzi, akawatazama wakwe zake wanavyojilamba vidole.

"Limevunjika," akasema, "nasi tumekosa kachumbari tu."

Akacheka hata wali ukampalia. Akaitangua mbiu papo hapo, akamvua Waziri joho, akamvika Mwinyikombo. Kisha akamtuma Jabu akamnyanyue yule bibi mtaroni, amsaidie kukata vitunguu vingine, na akirudi apite mlango wa nyuma.