Bi Kindi na Watoto Sita wa Ngiri

Hapo zamani za kale, nyinyi hamjazaliwa na mimi bado nina meno yangu yote, wanyama walikuwa na nyumba zao, mashamba yao na ugomvi wao wa ujirani kama sisi. Kaeni vizuri. Wewe wa mwisho pale, acha kumfinya mwenzio, maana hadithi ya leo ni ya watoto wenye kelele na nisingependa kutafuta mfano humu humu ndani.

Paliondokea mjane mmoja, jina lake Bi Kindi. Alikuwa mdogo wa mwili, ungeweza kumtia kwenye kikapu cha mayai, lakini akili yake ilikuwa nyepesi na ulimi wake mwepesi zaidi. Mumewe alifariki mwanzoni mwa masika, akamwachia shamba la mtama. Shamba hilo ndilo lilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Hakuwa na mtoto wala shamba jingine.

Mumewe alipokuwa hai, mtama ukianza kutoa masuke alipanda dunguni, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, akashinda huko anafukuza ndege. Mwaka ule dungu lilibaki tupu. Bi Kindi alimwaga majivu kuzunguka shamba lote, akangoja. Hakutua ndege hata mmoja. Basi akawa anajisifu kwa kila apitaye njiani: "Majivu yangu hayo. Marehemu alijichosha bure."

Jirani zake walikuwa Ngiri. Baba Ngiri alikuwa pande la mnyama, kifua kipana, na pembe mbili zilizochomoza mdomoni zikapinda kwenda juu. Pembe hizo alizipaka mafuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Mkewe, Mama Ngiri, alikuwa mpole wa maneno machache. Na walikuwa na watoto sita.

Watoto gani wale, jamani. Waliamka na debe, wakalala na debe. Jua likiwa kali, Bi Kindi akijinyoosha kivulini aibe usingizi kidogo, hao wanakuja, mikia juu, ng'a ng'a ng'a, kwii kwii kwii. Wanacheza kombolela katikati ya mabua, wanazunguka shamba mara kumi, wanarudi, wanaanza upya. Kiongozi wao alikuwa kitinda mimba, Kidawa, binti mwenye mwili wa ngumi na sauti ya harusi nzima.

"Bi Kindi, hodi!" Kidawa aliita kila alipofika. "Umeamka?"

"Nilikuwa nimelala."

"Haya, sasa umeamka." Na debe likaendelea.

Siku moja Bi Kindi alichoka, akaenda kwa Baba Ngiri.

"Hodi, jirani."

"Karibu, Bi Kindi. Karibu ukae."

"Sikai. Nimekuja kwa habari ya watoto. Kelele zao zitanipeleka kaburini nimfuate mwenzangu."

Baba Ngiri alikuwa akisugua pembe kwa kitambaa. "Mtoto akinyamaza anaumwa. Wangu ni wazima, nashukuru."

"Basi wachezee kwako."

"Kwani wamekula mtama wako?"

"Hawajala."

"Wamevunja bua?"

Bi Kindi alifikiri. Watoto sita, kutwa mara kumi, na hakukumbuka bua hata moja lililolala. "Hawajavunja," akasema.

"Basi dada yangu, unalalamikia upepo," akasema Baba Ngiri, akarudia kusugua pembe.

Bi Kindi alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Angemfanya nini yule? Akimsukuma kwa kwato moja tu, matanga yanawekwa. Alijilaza kivulini, na mara, ng'a ng'a ng'a. Akawa anatazama juu, hana usingizi, anafikiria kile kitambaa na zile pembe. Ndipo akatabasamu. Afadhali asingetabasamu, lakini alitabasamu.

Alingoja mpaka Mama Ngiri aliposafiri kwenda kwao kumuuguza mamake. Alijua vizuri kwamba mbele ya Mama Ngiri maneno aliyoyaandaa yasingesimama hata dakika moja. Kesho yake asubuhi, huyo mlangoni.

"Baba Ngiri, nimekuja kuomba radhi. Juzi nilisema vibaya. Kelele si shida yangu. Mimi nawahurumia watoto kwa ajili ya pembe zao."

Kitambaa kikasimama. "Pembe zao zina nini?"

"Aa, tuyaache. Mimi si mtu wa kuingilia nyumba za wenzangu."

"Bi Kindi, sema."

"Wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unapiga kelele?"

Baba Ngiri alijikuna shingo. "Thubutu. Baba yangu alikuwa mkali. Nilikuwa kimya kama maji mtungini."

"Unaona? Na ndiyo maana zimetoka hivi. Mimi nimetembea, sijaona pembe kama zako." Akazitazama tena, moja moja. "Sasa niambie, pembe ya ngiri hutokea wapi?"

"Mdomoni."

"Na kelele?"

"Mdomoni."

"Mlango mmoja. Mtoto akitoa nguvu zote kwa kelele mchana kutwa, hiyo pembe itatoka na nini? Wenzako wa ng'ambo ya mto wana watoto wakubwa, wameshaoa, na midomo mitupu. Mimi nimesema yangu, kwaheri."

Hakufika mbali. Nyuma yake alisikia sauti ya Baba Ngiri ikitikisa ua mzima: "Nyote sita, hapa! Bi Kindi amenifumbua macho, kelele zinazuia pembe. Kuanzia leo hakuna kupiga debe, hakuna kuimba, hakuna hata kucheka kwa sauti, mpaka pembe zichomoze. Atakayefungua mdomo atanitambua!"

"Hata hodi, baba?" aliuliza Kidawa.

"Hata hodi."

Mchana ule Bi Kindi alilala fofofo. Siku ya pili alilala. Siku ya tatu alilala mpaka jua likageuka, akaamka anajinyoosha na kujisifu: mimi huyu, kidole tu, nimeifunga midomo ya nyumba nzima ya ngiri. Mtama ulikuwa umejaa, punje zinang'aa, bado siku chache tu aanze kuvuna.

Siku ya nne aliamshwa na kitu kingine. Fruuuu. Akafikiri ni upepo. Fruuuu. Akafumbua macho, akaona mbingu zimetiwa doa, na doa linashuka.

Kwelea. Mnawajua kwelea, wale ndege wadogo wanaokuja maelfu kwa maelfu? Walipita juu ya majivu kana kwamba hayapo, wakatua kwenye masuke, na shamba zima likaanza kulia tikitiki, tikitiki.

"Nendeni! Nendeni zenu!" Bi Kindi alikimbia huku, wakahamia kule. Akakimbia kule, wakarudi huku. Akapanda dunguni, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, lakini sauti ya kindi ni nini? Tsi, tsi, tsi. Ndege aliyekuwa kwenye suke la karibu alimtazama, akaendelea kula.

Ndipo akawaona watoto. Walisimama ukingoni mwa shamba, wote sita, wamejifunika midomo kwa kwato. Wanne walikuwa wanalia, machozi yanatiririka bila sauti. Kidawa alikuwa amelikumbatia debe.

"Kidawa, mwanangu, lipige!"

Kidawa akatikisa kichwa. Akamsogelea, akamnong'oneza sikioni: "Baba amesema pembe."

Bi Kindi alikimbia mpaka kwa Baba Ngiri, akafika pumzi hana. "Baba Ngiri, waruhusu watoto wapige kelele. Leo tu."

"Hilo haliwezekani. Mwenyewe ulisema."

"Nilidanganya! Kelele haziharibu pembe. Nilitaka kulala mchana, basi. Nilitunga."

Baba Ngiri aliweka kitambaa chini, akainuka. Pale roho ya Bi Kindi ilikuwa mkononi mwa mnyama huyu mkubwa ambaye siku tatu nyuma alikuwa mjinga machoni pa kindi huyu.

"Nilijua utarudi," akasema Baba Ngiri polepole. "Umeona wanangu wanaelekea kuwa na pembe nzuri, kijicho kimekushika."

"Wallahi nilidanganya."

"Juzi ulisema kweli. Leo ndiyo unadanganya. Nenda nyumbani, Bi Kindi."

Alimlilia, alimpigia magoti, hakumsikia. Na ninyi mngesema nini? Uongo ule aliutengeneza mwenyewe, akaukaza kila upande, na sasa hakuona pa kuufungulia. Aliporudi shambani, kwelea walikuwa wameshainuka. Mabua yalisimama vile vile, na vichwa vitupu.

Siku ya pili yake Mama Ngiri akarejea kutoka kwao. Alipita shambani kabla hajatua mzigo. Akasimama, akatazama, kisha akamkuta Bi Kindi amekaa chini ya dungu.

"Bi Kindi, kumetokea nini? Watoto walikuwa wapi?"

"Watoto?"

"Mimi ndiye niliyewaleta," akasema Mama Ngiri. "Tulipotoka mazikoni niliwaambia, Bi Kindi hana wa kumkalia dunguni. Nendeni mkachezee kwake, pigeni kelele mpaka makoo yakauke, na bua lake msilivunje. Kwetu ndivyo tunavyomhani mfiwa mwenye shamba. Ila yeye mwenyewe haambiwi, asije akaona anasimangwa. Hata baba yao sikumwambia, maana hana siri." Akatazama tena mabua. "Nani amewanyamazisha?"

Bi Kindi alitamani kusema ni ndege, ni majivu, ni Baba Ngiri. Uongo mzuri wa kumtosha Mama Ngiri ulimjia pale pale, tena wa namna tatu kwa mara moja.

"Ni mimi," akasema.

Mama Ngiri hakumgombeza. Alitua mzigo, akakaa karibu naye chini ya dungu, na wakakaa hivyo mpaka jua likapungua. Toka siku ile mpaka masika mengine, Bi Kindi alikula kwenye mkeka wa akina Ngiri.

Amri ya baba yao, Mama Ngiri aliivunja siku ile ile, na wale wakubwa watano walirudia kelele zao. Kidawa hakurudia. Yeye ndiye aliyeamini kuliko wote, maana alikuwa akimpenda Bi Kindi, na maneno ya umpendaye hayatoki upesi.

Mwaka uliofuata, mtama ulipotoa masuke, Bi Kindi alipanda dunguni mwenyewe na debe. Akamwona Kidawa anapita chini kimya kimya.

"Kidawa, hodi!" akaita kwa kale kasauti kake. "Umeamka?"

Kidawa akasimama, akainua uso. Akajipapasa ufizi kwa kwato, kutazama kama pembe imeanza kuchomoza. Kisha akatabasamu, mdomo umefungwa, akaenda zake. Na Bi Kindi akabaki dunguni analipiga debe peke yake, ng'a, ng'a, huku akilia.

Yangu yameishia hapo dunguni, sina zaidi. Ila mshike hili: kabla hujamnyamazisha jirani yako, uliza kwanza zile kelele zinakufanyia kazi gani.