Msamaha Mmoja wa Chiku

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani maana jengo lenyewe bado limesimama, palikuwa na jengo refu la maduka ya nguo lenye lifti moja kuukuu. Kila ghorofa mlango wa lifti hiyo ulisogezwa kwa mkono, na ulikuwa na kitasa kilichokataa kufunguka mpaka lifti ifike. Kitasa hicho ndicho kilichoshika roho za watu. Kumbukeni hilo.

Kitasa cha ghorofa ya nne kikaanza kukwama. Watu wakafungiwa ndani, wakapiga kelele. Akaitwa Hizza, fundi lifti. Hizza akasema kitasa kipya sharti kiagizwe. Akaking'oa kile kibovu, akaunganisha waya ili lifti idhani mlango umefungwa. "Ni kwa muda tu," akasema. Sote tunaujua muda wa namna hiyo.

Akaja Restituta, mkaguzi. Akaona, akashtuka, akabandika karatasi nyekundu kwenye mlango huo: LIFTI IMEFUNGWA, NI HATARI. Sheria ilimtaka azime umeme wa lifti na aondoke na ufunguo. Lakini wenye maduka walimzunguka. "Dada, Idi hiyo imefika, tuonee huruma! Mwenye jengo atazima mwenyewe jioni." Akamwachia ufunguo Mbaraka, mwenye jengo.

Mbaraka hakuzima. Akawaambia wapangaji, "Tumieni, ila kwa uangalifu." Uangalifu! Kana kwamba shimo linajua nani mwangalifu na nani mzembe.

Ghorofa ya nne alikuwepo Mwatum, muuza madera. Kwenye majengo yale hakuna ukuta unaoachwa mtupu, kila msumari una nguo yake. Mwatum akatundika dera la maua kwenye mlango wa lifti, juu ya karatasi nyekundu. Likapendeza kweli, wateja wakaliulizia.

Siku karatasi ilipobandikwa, Shomvi, mbeba mizigo, alikuwa kitandani na homa. Aliporudi kazini aliona dera tu. Akapanda na lifti mpaka ghorofa ya nne, akaiacha pale, akaenda stoo kuchukua belo la nguo. Belo zito halibebwi, huvutwa, na anayelivuta hutembea kinyumenyume. Huku nyuma mtu wa chini akaiita lifti, ikashuka. Shomvi akaja kinyumenyume, akausogeza mlango kwa kiwiko. Mlango ukafunguka vizuri tu. Akaingia. Belo likamfuata.

Mazishini shehe alisema kama ilivyo ada: "Kama marehemu alikukosea, msamehe." Watu wakaitikia, "Tumemsamehe." Chiku, mkewe, alisimuliwa hayo akiwa ndani. Ikafika siku ya khitma. Siku hiyo, akiwa kwenye eda nyuma ya pazia, akasema:

"Mmemsamehe Shomvi, ahsanteni. Yeye alimkosea nani? Mimi namtaka aliyemkosea yeye. Kifuani nina msamaha mmoja tu, hauwatoshi wawili. Aliyemuua aseme nimpe, na mimi nipate usingizi. Waliobaki tutaonana mbele ya Mungu."

Mlidhani watanyamaza? Wale watu usingizi uliwahama tangu siku ile. Wote waliutaka msamaha ule.

Hizza akasema, "Shemeji, ni mimi. Mikono hii ndiyo iliyong'oa kitasa. Kingekuwepo, mlango ungekataa. Nipe mimi."

Restituta akasema, "Ni mimi. Mimi niliisomea hatari ile, na sheria ilinipa nguvu ya kuizima. Nikabandika karatasi nikaenda zangu, nikaona nimemaliza kazi. Nipe mimi."

Mbaraka akavua kofia, ingawa Chiku hakuweza kumwona. "Binti yangu, ni mimi. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu Shomvi alipoanguka. Ningeuzungusha mara moja tu, leo tungekuwa naye. Nipe mimi."

Mwatum alilia mpaka akashikwa mabega. "Dada Chiku, ni mimi. Shomvi alijua kusoma. Angeiona ile karatasi angeshuka kwa ngazi. Nilimfichia kwa dera. Na lile dera, dada, siku ya pili nililiuza."

Wakaanza kubishana pale pale msibani. Ni mimi! Wewe umefanya nini? Ni mimi! Nimeona watu wakigombea shamba, nimeona watu wakigombea mume. Sijapata kuona watu wakigombea lawama, na moyo wangu uliniuma kuliko siku tuliyomzika.

"Ngojeni," Chiku akasema. "Shomvi aliniambia mlango ule hufunguka hata lifti isipokuwepo. Niliyajua hayo. Asubuhi ile akasema, mama watoto, homa haijaisha, nipumzike leo. Nikamjibu, watoto watavaa nini Idi? Nikampa viatu vyake mkononi. Sasa na mimi nitamwomba nani?"

Pilau ikaletwa, wachache wakala. Watu wakatafuta viatu vyao mlangoni, wakaondoka mmoja mmoja. Msamaha haukutoka. Lifti, mkitaka kujua, bado inapanda na kushuka, na kitasa hakijaagizwa.

Nanyi mnaonisikiliza, mnaopanda lifti kila siku bila kuutazama mlango, nisaidieni. Chiku hajalala mpaka leo. Watu ni watano, naye akiwemo, na msamaha ni mmoja. Je, nani alistahili kupewa?