Banda Lililojengwa kwa Siku Moja

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni vigoda. Wewe uliye karibu na mlango, urudishe, baridi inaingia. Hadithi ya leo haina kicheko kirefu, nawaambieni mapema ili asije mtu akanilaumu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakizungumza na watu kama jirani na jirani, palikuwa na mwanamke akiitwa Sikudhani. Alikaa kijiji cha bondeni na mumewe, Mbaruku, na mama mzazi wa Mbaruku, Bi Tatu. Bi Tatu macho yalikuwa yamefifia, lakini miguu yake mizima na sauti yake nzima. Msimu wa kupanda ukifika, yeye ndiye aliyekaa shambani kutwa kuwafukuza kanga na kwale wasifukue mbegu. Akipiga ukelele mmoja, ndege wa vijiji viwili wanaruka.

Sikudhani alimpenda mzee yule. Alipoletwa pale akiwa bibi harusi, wali wake wa kwanza uliungua mpaka juu. Bi Tatu alikivuta kile chungu cha wali mbele yake, akaula wote, akasema, "Acheni, mimi leo nina hamu ya ukoko." Tangu siku hiyo Sikudhani akamwita mama kwa moyo, si kwa mdomo.

Sasa, mwaka mmoja mchwa wakalila banda lao la shambani, lile walimoweka mbegu na majembe. Masika yamekaribia, mbegu zimelala uani chini ya ungo. Mbaruku akaenda kwa Mnana, ndege fundi wa kusuka na kufunga. Mnana akasema, "Nitakujengea. Nipe mwezi mmoja."

"Mwezi!" Mbaruku akasema. "Mvua itaningoja?"

Njiani akakutana na Ngedere amekaa juu ya tawi, anajikuna.

"Nimesikia unatafuta fundi," Ngedere akasema. "Mimi nakujengea kwa siku moja. Niandalie mkungu mmoja wa ndizi."

Kweli, asubuhi Ngedere akaja, na jioni banda limesimama. Nguzo nne, paa la nyasi, kuta zimekandikwa udongo mwekundu. Mbaruku akazunguka kijiji kizima akijisifu: "Wenzangu mnangoja mwezi, mimi nimejenga kwa siku moja!" Watu wakaja kutazama, wakatikisa vichwa kwa kusifu, wakaondoka. Mitungi ya mbegu ikaingizwa ndani.

Siku ya tatu Sikudhani alikwenda kuchukua jembe, akamkuta Panya anatoka mlangoni na mtoto mdomoni. Panya akamweka mtoto chini ya jiwe, akarudi kumchukua wa pili.

"Panya, unahama? Humu mna mbegu tele!"

"Mbegu nimeziona," Panya akasema. "Mimi ni mwizi, Sikudhani, sikatai. Lakini wanangu siwalazi chini ya paa hili. Sikiliza linavyolia."

Sikudhani akasikiliza. Banda lilikuwa linalia, kri, kri, kri, na upepo haukuwapo. Akaenda mpaka mtini kwa Ngedere.

"Fundi, banda linalia."

"Limeanguka?"

"Halijaanguka."

"Basi limesimama," Ngedere akasema, akamenya ndizi.

Siku ya saba mlango ukakataa kufunga. Banda lilikuwa limeinama upande wa mtoni kama mlevi anayetafuta njia. Sikudhani alipoinama kutazama nguzo, akawakuta mchwa wamejipanga mstari mrefu, wanaondoka.

"Nyie nanyi mnahama?" akawauliza. "Mlikula banda zima la zamani!"

"Sisi tunakula mti," mchwa wakasema. "Huu si mti. Huu ni mpapai, ndani ni maji na uwazi. Na shimo la nguzo ni shubiri moja tu, tumepita chini yake tumeona. Na kamba ni maganda ya mgomba. Sisi tumeshindwa kulila, Sikudhani. Litakalolila linakuja kutoka juu."

Akaenda tena kwa Ngedere, mbio mbio.

"Fundi, banda limeinama."

"Limeanguka?"

"Halijaanguka, lakini..."

"Basi limesimama."

Siku ya tisa Sikudhani hakumwuliza mtu. Alikwenda mwenyewe, akaibonyeza nguzo ya mlangoni kwa kidole. Udongo ukabanduka, kidole kikazama mpaka kwenye kifundo. Alipokitoa, kilikuwa kimelowa, kinanuka uozo. Akaenda kwa Ngedere mara ya tatu, akamwonyesha kile kidole.

"Fundi, nguzo imeoza."

"Limeanguka?"

Sikudhani akamgeuzia mgongo. Alirudi nyumbani akamwambia mumewe. Akamweleza habari ya Panya, akamweleza habari ya mchwa, akamwekea kidole mbele ya pua.

Mbaruku akanusa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mke wangu, nimejisifu kijiji kizima. Nikilibomoa leo, nitapita wapi? Subiri mvua zikatike, nitalijenga upya kimya kimya."

"Na mama? Mama anashinda kule shambani."

"Mama usimwambie. Ukimwambia, utakuwa umenivua nguo mbele ya mzazi wangu. Nenda kalizibe lile tundu."

Sikudhani akaenda. Hapa ndugu zangu nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Alikanda udongo kwa mikono yake, akaziba tundu, akalainisha kwa maji, akapaka majivu juu mpaka nguzo ikang'aa kuliko zile nzima. Alipokuwa anaosha mikono, Bi Tatu akatokea shambani na fimbo yake. Akaipapasa nguzo kutoka juu mpaka chini.

"Mkono wako huu," akasema. "Ngedere hawezi kukandika hivi. Sasa hata mvua ikinikuta, najua pa kukimbilia."

Maneno yakamjaa Sikudhani kinywani. Akayaona yamejipanga: mama, usiingie humo. Akamkumbuka mumewe. Akayameza.

"Twende nyumbani, mama," akasema. "Jua limekuwa kali."

Siku ya kumi na mbili mvua ikaja. Haikuja kwa manyunyu. Ilikuja kama mlima, nyeusi, inaunguruma, na mbele yake upepo uliolaza migomba. Sikudhani alikuwa ng'ambo ya pili ya shamba, anafukia mbegu za kwanza. Akainua macho, akamwona Bi Tatu anakwenda kwa fimbo yake, anapapasa, anapapasa, mpaka mlangoni mwa banda. Akaingia.

Sikudhani akatupa jembe.

"Mama, toka!"

Mvua ikapiga.

"Mama, toka! Mama, toka humo!"

Mzee alisikia sauti, hakusikia neno. Akatoa mkono mlangoni, akaupunga. "Njoo, mwanangu! Njoo, huku kukavu!"

Sikudhani alikimbia. Matope yakamshika miguu, akaanguka, akainuka, akakimbia. Alikuwa amebakiza hatua ishirini hivi. Banda halikupiga kelele. Lilikaa tu chini, kama mtu aliyechoka, na paa lote na kuta zote na mitungi yote vikakaa juu ya mzee.

Alifukua kwa kucha. Mbaruku akaja, majirani wakaja, wakafukua wote katika mvua. Walipomtoa Bi Tatu alikuwa bado ana joto, lakini pumzi haikuwapo.

Walimzika kesho yake, kaburi likiingia maji. Baada ya mazishi kijiji kikamwita Ngedere. Akaja, akakaa juu ya kisiki, hakuwa na haya.

"Siku niliyowakabidhi banda, lilikuwa limeanguka?" akauliza.

"Halikuanguka."

"Basi lilisimama. Kazi yangu ilikuwa imekwisha. Kaishtakini mvua."

Jirani mmoja akaokota kipande cha nguzo, akakivunja juu ya goti. Kilivunjika kama muhogo mbovu, maji meusi yakamwagika mbele ya watu. Wakamrukia Ngedere kwa marungu. Yeye akaruka mtini, mti wa pili, mti wa tatu, na mpaka leo anaishi kwa kuruka. Hana nyumba, kwa sababu hakuna anayemwamini kumfundisha, naye hajiamini kulala ndani ya alichojenga.

Mbaruku akapiga magoti matopeni, akalia, "Jamani, sisi tungejuaje? Tumedanganywa! Tungejuaje?"

Watu wakaanza kumpa pole. Ndipo Sikudhani akasimama. Kucha zake zilikuwa zimeng'oka tatu.

"Mimi nilijua," akasema.

Wote wakageuka.

"Nilijua siku ya tatu, nikajua siku ya saba, nikajua siku ya tisa. Kidole changu kiliingia kwenye nguzo hiyo. Nikaziba kwa mikono hii, nikapamba. Mama alipapasa akaona pazuri, akaingia." Akamtazama mumewe. "Na wewe, Mbaruku, ulijua."

Mwenye rungu alilishusha. Mmoja baada ya mwingine wakaondoka, na hakuna aliyewaaga.

Mwaka ule mbegu zilimea palepale kwenye kifusi, zikaoza. Sikudhani na Mbaruku walikula kwa kuomba. Mbaruku hakumpa talaka na wala hakumlaumu. Walikaa nyumba moja kama mawe mawili, moto ukiwaka katikati yao.

Kiangazi kilipoingia, Sikudhani alimwendea Mnana, akamwambia, "Nifundishe. Muda wowote utakaosema, nitangoja." Akakata miti migumu, akaiburuta mmojammoja kutoka msituni. Akachimba mashimo mpaka bega lake likazama ndani. Kila fundo alilifunga, akalifungua, akalifunga tena. Kazi ile ilimla kiangazi chote. Na banda lile, ndugu zangu, tembo alilisugulia mgongo lisitikisike.

Likajaa mbegu. Likajaa majembe. Lakini mvua ilipowakuta watu mashambani, walilitazama, wakajitanda nguo kichwani, wakalipita wakilowa. Na Sikudhani mwenyewe, aliyelijenga, aliyejua kila nguzo ilivyo, alikuwa akisimama nje kando ya ukuta, mvua ikimpiga mpaka ikatike.

Hadithi yangu inakomea hapo ukutani. Fukieni moto, tukalale.