Polishi ya Fundi Kobelo

"Usisifu mng'aro kabla ya maji." Ndivyo mlivyomsikia fundi cherehani akimwambia Rukia leo asubuhi, alipokuwa ameukumbatia mkoba wake mpya hata zipu hajaijaribu. Mkacheka, mkarudi nyumbani mkiuimba msemo huo njia nzima, na hakuna aliyejiuliza ni mng'aro gani na maji gani, mpaka Rukia mwenyewe alipokasirika akaja kuniuliza. Amefanya vizuri kukasirika. Kaeni basi, na mwenye simu aiweke chini. Msemo huu ulizaliwa gerejini, Kihonda pale Morogoro, juu ya boneti ya gari jeusi, na ulizaliwa hivi.

Siku hizo Kihonda alikuwepo fundi rangi aliyeitwa Kobelo. Mafundi wa kunyoosha mabati walikuwa wengi, lakini wa rangi alikuwa yeye. Watu walileta magari kutoka Kilosa na Mikese, wakangoja zamu wiki mbili bila kununa. Mtu wake wa karibu kazini alikuwa mwanamke, Zamoyoni, wa miaka thelathini na kitu. Zamoyoni alianza kwa kuwauzia mafundi chai pale pale gerejini. Alikuwa akisimama na birika mkononi anauliza kwa nini rangi hii imetoa malengelenge, kwa nini ile imechuruzika, hadi Kobelo akachoka kujibu, akampa kitambaa ajionee mwenyewe. Miaka minane baadaye hakuna aliyemshinda kupiga polishi, labda Kobelo tu. Maswali hayakuisha. Mafundi walimbandika jina la Bi Kwanini, naye akawa anaitika bila kinyongo.

Mwaka huo Kobelo alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho, Mwajabu. Upande wa bwana harusi walikuwa na Pijo nyeusi ya mjomba, gari la kizamani lenye heshima zake, ila rangi ilikuwa imepauka kama masizi ya juzi. Kobelo akawaambia wakwe, tena mbele ya watu, tena kwa sauti: "Nileteeni mimi. Binti yangu hatoki kwangu kwenye gari lenye ukurutu. Nitalifanya mjitazame humo kama kwenye kioo." Maneno kama hayo yakishatoka kinywani hayarudi. Tangu siku hiyo gari lile likawa uso wake. Likitoka baya, wakwe wangekuwa na la kusema hadi wajukuu waote meno.

Rangi aliipaka vizuri, hilo halina ubishi. Lakini rangi nyeusi haina siri. Ikishakauka hupigwa msasa wa maji, kisha dawa nzito ya kulainisha, na vyote viwili huacha vijikwaruzo vya mviringo, vyembamba kuliko unywele. Kazi ya kuviondoa ni ya polishi ya mwisho. Hapo ndipo penye shughuli, maana ukikosea polishi ya mwisho, kazi yote ya nyuma umeifanyia adui.

Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi, Kobelo alikuwa na polishi mbili mezani. Moja ni ya kopo, kavu kidogo, aliyoitumia miaka yote. Hiyo ilitaka mkono na subira, saa nzima kwa mlango mmoja. Nyingine ni ya chupa, laini, yenye harufu ya ndizi, na aliyemuuzia aliapa kwamba inamaliza gari kabla chai haijapoa. Kobelo alikuwa na bega linalomuuma tangu masika. Hakumwambia mtu, lakini Zamoyoni alikuwa amemwona akivaa shati kwa mkono mmoja.

"Tuzishindanishe," Kobelo akasema.

Akavuta tepu katikati ya boneti, kutoka kwenye kioo hadi ukingo wa mbele. Kulia akampa Zamoyoni na kopo. Kushoto akachukua mwenyewe na chupa. Kobelo alimaliza kwa dakika kumi. Zamoyoni alisugua hadi kitambaa kikawa cheusi, akabadilisha cha pili nacho kikawa cheusi, jasho linamdondoka, na wenzake wamekaa kwenye matairi wanamtania kwamba akimaliza bibi harusi atakuwa na watoto watatu.

Alipomaliza, tepu ikatolewa. Pale gerejini walikuwa na desturi yao: kazi haikubaliwi mpaka gazeti lisimamishwe juu ya boneti na mtu asome maandishi kwenye mng'aro. Wakalisimamisha. Kulia ilisomeka vizuri, hadi matangazo madogo ya nyuma. Kushoto ilisomeka vilevile, na zaidi ya hapo weusi wake ulikuwa umeloa, mzito, unakuvuta uchovye kidole. Mafundi wote wakapiga makofi upande wa kushoto. Mtu hahitaji kufundishwa kupenda kinachowaka.

Hata Zamoyoni aliona kwamba kushoto kunapendeza zaidi. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Aliinama, akatazama boneti kwa ubavu, akainuka, akaokota kitambaa cha Kobelo kilichotupwa chini. Akakigeuza huku na huku. Kilikuwa cheupe.

"Fundi," akasema, "mikwaruzo imekwenda wapi?"

"Imeondoka. Huoni?"

"Yangu imeondoka na rangi kidogo, ndiyo maana vitambaa vyangu vimekuwa vyeusi. Chako ni cheupe. Kama hakuna kilichotoka juu ya bati, mikwaruzo imetokaje?"

Mafundi wakaguna. Kobelo akacheka, lakini si sana.

"Kitambaa changu ni safi kwa sababu mkono wangu ni mwepesi. Acha maswali, Bi Kwanini. Chukua chupa, tumalize gari."

"Tukimwagia maji kidogo tu upande huu, na sabuni, tutajua."

Hapo alikuwa amegusa mwiko. Mafundi wale waliamini kwamba gari likishapigwa polishi halimwagiwi maji mpaka mwenyewe aje alichukue. Ukilimwagia, umeosha na baraka ya kazi, na wateja watakukimbia. Waliliamini jambo hilo kama wanavyoamini kwamba bati linapata kutu. Nani alilianzisha, hakuna aliyejua. Zamoyoni aliwahi kuuliza kwa nini, akaambiwa kwamba hiyo si ya kuuliza.

"Maji hayagusi gari la mwanangu," Kobelo akasema. Basi wakapaka chupa gari zima, hata ule upande wa kulia wa boneti, na kufikia alasiri Pijo lilikuwa linameremeta kivulini hata kuku akalisogelea akamdonoa mwenzake aliyemwona ndani.

Zamoyoni alirudi nyumbani na kitambaa kile cheupe kwenye kapu. Alijaribu kulala na swali lake likawa linamfinya. Hakuwa anataka kumshinda Kobelo. Alimpenda mzee yule. Ndiye aliyemtoa kwenye birika. Ila akili yake ilikuwa imekwama kwenye kitu kimoja, kwamba kitu hakiondoki bila kwenda mahali.

Ijumaa asubuhi ilikuja gerejini shangazi wa bwana harusi, Bi Mgeni, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alikuja kuliona gari. Akalizunguka, akajitazama kwenye mlango, akarekebisha ushungi.

"Mkwe, umetuheshimu," akamwambia Kobelo. "Kesho nitalivua vumbi kwa furaha."

"Kulivua vumbi?" Zamoyoni akauliza. Nani mwingine angeuliza?

"Hamjui desturi yetu? Gari likifika mlangoni kwa kina bibi harusi, shangazi mtu analiosha kwanza. Ndoo ya maji, sabuni ya kunukia na maua ya asumini. Ugomvi wa njiani ubaki njiani, binti apande pasafi. Nitaliosha kwa kanga yangu mwenyewe, saa sita, watu wote wakiona."

Akaaga, akaenda zake. Kobelo alikuwa amesimama na mkono juu ya lile bega.  Zamoyoni alikwenda bombani, akajaza ndoo, akakata kipande cha sabuni akakikoroga, akaja nayo hadi mbele ya gari.

"Zamoyoni, weka ndoo chini," Kobelo akasema.

"Fundi, mimi naogopa mwiko kama wewe. Lakini haya maji yatamwagwa kesho, nipende nisipende. Afadhali yamwagwe leo na mimi kuliko kesho na Bi Mgeni."

"Na kazi ikiharibika?"

"Kama maji yanaiharibu, basi haikuwa kazi."

 Kobelo angeweza kumfukuza, na wengi pale walidhani atamfukuza. Badala yake akashika kishikio cha ndoo kwa mkono wake mzima, wakaimwaga pamoja upande wa kushoto wa boneti, wakasugua, wakalisukuma gari juani.

Mafuta ya chupa yalishuka na povu hadi chini, yakaacha kimulimuli cha rangi rangi kwenye udongo. Na mikwaruzo ikatokea yote, duara juu ya duara, kama utando wa buibui kila jua lilipopiga. Haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imefunikwa tu. Wakasogea kulia, pale Zamoyoni alipofanyia kazi kwa kopo kabla hawajapaka chupa juu yake. Wakamwaga, wakasugua. Weusi ulibaki pale pale, tulivu, bila duara hata moja.

Zamoyoni alipata jibu lake na halikumfurahisha, kwa sababu alimwona mzee amekaa chini kwenye tairi, ameshika uso.

"Macho yangu ndiyo yamenidanganya," Kobelo akasema taratibu. "Na bega ndilo lililoyahonga."

Kisha akasimama, akavua shati kwa ule mkono mmoja, bila kujificha safari hii, akachukua kopo. Mafundi wote wakaacha kazi zao wakaja. Waliosha sehemu moja, wakaisugua, wakahamia nyingine: boneti, paa, milango minne. Jua lilipozama mjomba alifika kuchukua gari lake, na lilikuwa limebaki buti peke yake, bado limevaa mafuta ya jana.

"Liacheni," fundi mmoja akasema. "Shangazi ataosha mbele. Nani anamnawisha mtu kisogo?"

Kobelo akafunika kopo. Gari likaenda.

Jumamosi saa sita Pijo lilisimama mlangoni kwa Kobelo. Jua lilikuwa la Morogoro, lile lisilo na huruma. Bi Mgeni akashuka na ndoo yake, akajifunga kanga kiunoni, akamwaga kwenye boneti. Povu likateremka, asumini zikanata kwenye taa, na weusi ukabaki unawaka vilevile. Vigelegele! Zamoyoni, aliyekuwa amesimama karibu na ukuta kati ya wanawake, akashusha pumzi. Bi Mgeni akaosha milango, akaosha paa hadi mkono ulipofika, vigelegele vikazidi. Naye mtu akishangiliwa huongeza. Maji yalikuwa yamebaki robo ndoo, akazunguka nyuma akayarusha kwenye buti, akasugua kwa kanga kwa nguvu zake zote.

Watoto ndio waliokuwa wa kwanza kusema. "Shangazi kalikwaruza! Shangazi kalikwaruza gari!"

Watu wakasogea. Buti zima lilikuwa miduara mitupu. Bi Mgeni akaitazama kanga yake, akatafuta mchanga ambao haukuwemo, uso umemshuka. Mjomba mwenye gari akakunja midomo. Na Zamoyoni aliona jinsi jambo lingeweza kuishia pale pale. Kobelo angekaa kimya tu. Lawama ingemwangukia mama yule na kanga yake, na jina la fundi lingebaki safi.

Kobelo alitoka ndani na kanzu yake mpya, akawapita watu, akasimama nyuma ya gari.

"Wakwe zangu," akasema, "shangazi hajakwaruza kitu. Mikwaruzo hii ilikuwepo. Niliifunika kwa mafuta nikausifu mng'aro, nikamkaripia aliyeniambia niijaribu kwa maji. Kule mbele mnakoshangilia ni kazi ya huyu." Akamnyooshea mkono Zamoyoni. "Huku nyuma ni yangu mimi. Kama nina la kumwachia binti yangu anapotoka kwangu, ni hilo nililojifunza jana: usisifu mng'aro kabla ya maji."

Zamoyoni alilia, hakuona aibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu mkubwa akijishitaki mwenyewe mbele ya wakwe.

Bi Mgeni akakamua kanga yake taratibu. "Mkwe," akasema, "nimeosha magari ya harusi tisa. Hili ndilo la kwanza ambalo mwenyewe amenionyesha doa lake. Sisi tulikuja kuchukua binti wa fundi. Kumbe tunachukua binti wa mtu mkweli." Kisha akageuka, akamtazama bwana harusi aliyekuwa amejipamba suti na marashi hadi nyuki wanamfuata. "Na nyinyi mnaomsifia huyu wetu, ngojeni kwanza. Kesho Mwajabu atamwona akiamka!"

Watu wakaangua kicheko, vigelegele vikarudi, na Mwajabu akapanda gari ameshika mkono wa baba yake hadi dakika ya mwisho.

Wiki ile ile Kobelo aliufuta ule mwiko. Gari likitoka kwenye polishi lilimwagiwa maji na sabuni mbele ya mwenyewe, juani, na aliyemwaga alikuwa Zamoyoni. Wateja hawakukimbia. Waliorudi majumbani walirudi na maneno ya mzee midomoni, wakayatumia kwa mchumba, kwa kiongozi, kwa shamba lililostawi kabla ya kiangazi, wala hawakukosea.

Kwa hiyo Rukia, mkoba wako ni mzuri, sikatai. Ila usisifu mng'aro kabla ya maji.