Pimbi na Fungu la Sita

Hapo zamani za kale, wanangu, Jumanne moja, saa tatu na dakika saba asubuhi, kisima kilikauka kau! Likabaki tangi moja tu la maji, na mlinzi wake alikuwa Kobe.

Wanyama walikuwa kumi na mmoja: wakubwa sita, kiongozi wao Tembo, panya watatu, na Pimbi na mama yake, ambaye homa ilimkausha midomo.

"Nimechoka na ugomvi wenu!" Kobe akafoka. "Jigaweni kwa nyumba. Nyumba ya mmoja ichukue tangi zima, ya wawili nusu, ya watatu theluthi, ya wanne robo, hivyo hivyo. Mafungu yakizidi tangi, au yakiacha hata tone, hanywi mtu!"

Pimbi akatwaa vijiwe kumi na kimoja. Akapanga, akapangua, tak, tak, tak! Njia za kuvigawa ni hamsini na sita. Alizijaribu zote, na mbili akazirudia kwa wasiwasi. Iliyotimia ni moja tu.

"Wawili, watatu, na sita," akasema.

"Sita ni sisi!" Tembo akanguruma. "Sita ndiyo kubwa."

"Mzee, ni fungu moja kati ya sita. Ni dogo kuliko nusu."

"Lo! Binti, sita na mbili, ipi kubwa?"

"Sita, lakini..."

"Lakini nini? Mnataka kutupunja!"

Pimbi akashusha pumzi. Akakata tango vipande viwili, na lingine vipande sita. "Tazameni."

"Sita ni vingi!" Nyati akashangilia.

"Kimoja, Babu! Mnapata kimoja!"

"Vingi!" wakajibu wote.

Akaeleza tena. Akaeleza mara ya tatu, sauti ikamkauka. Mara mama yake akakohoa, koho, koho. Pimbi akainama kwa adabu.

"Nimekosa, Mzee. Sita ni yenu. Kanyaga hapa, Kobe ashuhudie."

Pu! Tembo akatia unyayo mchangani, ndiyo sahihi yake.

Panya wakachukua theluthi, Pimbi na mama yake nusu.

Kesho yake asubuhi wakubwa walikuwa wanalamba ndoo tupu.

"Kosa letu ni uchache!" Tembo akalia. "Tutafute wenzetu, tuwe kumi!"

Pimbi akafungua mdomo amweleze. Akaufunga. Akachota kata mbili, akaenda kumwogesha mama yake.

Ndiyo hivyo, wanangu: asiyetaka kueleweshwa, mpe alichokiomba.