Pigo la Fisi

Mwaka huo mvua iligoma kabisa, na nyika nzima ikabaki na dimbwi moja. Kiangazi hichohicho kikamchukua Bibi Tembo, mpiga ngoma. Yeye ndiye aliyejua mapigo yote: la moto, la wawindaji, la kuitana. Waliobaki walijua kipande kipande tu, na moto ungekuja wasingeweza kuonyana.

Sungura akaita mkutano. "Kila mtu alete pigo analolijua, tuliandike kwenye gome hili. Malipo hakuna. Ila pigo la mmoja likaguliwe na mwingine."

Wengi walijitolea. Fisi, ambaye hajawahi kujitolea hata kupiga chafya, akawa wa kwanza.

"Mimi najua moja," akasema, akaandika: Tatu nyepesi, moja nzito: hatari, kimbieni!

Mwongo mkubwa! Pigo lile maana yake ni "njooni mnisaidie." Lakini wenzake wakikimbia, dimbwi atabaki nalo nani?

Mkaguzi wake alikuwa Simba.

"Umelisoma, Mfalme?" Sungura akauliza.

"Mfalme hasomi. Mfalme anaidhinisha," Simba akajibu, akabandika unyayo.

Kesho yake Fisi akaifuata ngoma ya Bibi Tembo iliyotundikwa kando ya dimbwi, akaipiga. Tatu nyepesi, moja nzito. Wanyama wakatimua mbio, ndoo chini. Fisi akaingia majini, akanywa, akanywa tena, tumbo likawa zito, matope yakammeza hadi kifuani.

Akaogopa kweli. Akanyoosha mkono akaipiga ngoma kwa pigo pekee alilolijua. Kule mbali wanyama wakazidisha mwendo.

Aliyebaki ni Kobe, ambaye tangu pigo la kwanza alikuwa bado anageuka.

"Bwana Fisi, unatuambia tukimbie, na wewe hukimbii?"

"Si kimbieni, Bibi Kobe! Ni njooni mnisaidie!"

"Mbona gome linasema vingine?"

"Niliandika uongo! Waite, nakufa!"

"Nitawaita," Kobe akasema, "ila mwendo wangu unaujua."

Walifika jua likiwa linazama. Kabla ya kumvuta walimtaka arudie mbele ya wote yale aliyomwambia Kobe, na Fisi akayarudia kwa kilio, matope kidevuni. Sungura akalifuta pigo la uongo na kuandika la kweli. Simba, kichwa chini, akalisoma neno kwa neno, mara mbili.

Mchimba kisima huingia mwenyewe.